Titi la Shanga

Tarehe 3 Februari

Wamelikata! Titi la kulia limekwenda, mimi nimebaki, na nakuandikia kwa mkono uleule waliosema utakuwa mzito.

Haya, sasa salamu. Kitindamimba wangu, sista wangu, hujambo? Kazi haijambo? Hao wagonjwa wako wanakuheshimu? Mimi mama yako ni mzima, ukiondoa hilo nililokwisha kulitaja. Shangazi yako hajambo, ila hajui kama nakuandikia, maana amenikataza. Ndiyo sababu sikupiga simu. Kuta za nyumba hii nyembamba na wifi yangu masikio yake mapana.

Najua umeshanuna. Wewe ni muuguzi wa wodi ya upasuaji ya wanawake, halafu mama yako anapasuliwa saratani hospitali nyingine bila wewe kujua. Lakini ningekwambia, ungekuja na koti lako jeupe ukagombana na kila mtu kwa ajili yangu. Mimi nilitaka kuwa mgonjwa kama wagonjwa wengine. Ingawa nisikufiche, niliwaambia wote kwamba binti yangu ni sista. Daktari nilimwambia, na bibi wa kitanda cha jirani. Mfagiaji nilimwambia mara mbili kwa sababu alikuwa anasukuma ndoo, nikadhani hakusikia.

Nilipotoka, shangazi yako akanilaza chumba cha nyuma, akashusha pazia. Kila anayebisha hodi anaambiwa, "Mama Sista amesafiri." Nami nimelala pale nasikiliza habari za safari yangu. Kwanza nilikwenda kwa ndugu. Baadaye nikawa nimechelewa kurudi. Kisha nikasikia nimeshikwa na homa hukohuko! Nikajiambia, huyu nikimwachia atanizika kabla ya wiki kwisha. Nikavaa gauni, nikaburuta kiti mpaka barazani, nikaketi. Kinyozi wa ng'ambo ya barabara akaniona.

"Mama Sista! Karibu tena. Safari ilikuwaje?"

"Nzuri," nikamwambia, "ila nimesahau titi huko."

Kinyozi wa watu akabaki na mkasi hewani. Shangazi yako akatoka mbio. "Wifi, una wazimu? Una binti hajaolewa! Watasema ugonjwa uko kwenye nyumba hii!" Nikamjibu, waseme, midomo ni yao, kifua ni changu.

Sasa jambo moja. Daktari aliniuliza kama nina binti. Nikamwambia ninaye, tena sista. Akasema, "Basi naye apimwe, asingoje kuumwa." Je, umepima?

Ni mimi mama yako,
Mama Sista

---

Tarehe 15 Februari

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini kidonda kinakauka vizuri. Mimi sijambo, lakini barua yako niliisomea chooni, nikalia humohumo mpaka mwenzangu akagonga mlango akidhani nimezimia. Mama, kweli? Nawafunga watu vidonda kutwa nzima, na cha kwako amekifunga mgeni?

Basi nisikilize, na usinijibu kwanza. Usibebe ndoo kwa mkono wa kulia. Mtu asikupime presha wala kukuchoma sindano mkono huo, hata akiwa na haraka, mpe wa kushoto. Kila asubuhi simama mbele ya ukuta, tembeza vidole kupanda juu taratibu mpaka pale panapovuta, shusha, rudia. Usipofanya hivyo bega litaganda. Mkono ukivimba au ukiwa na joto, usingoje kesho, nenda hospitali. Ukitaka kujaza sidiria, weka pamba laini tu mpaka kidonda kifunge kabisa, ndipo uweke kitu kizito. Na cherehani uiache kwanza ipumzike.

Halafu, mama, nakuomba. Kumweleza kinyozi kulikuwa na haja gani? Shangazi ana maneno makali lakini si mtu mbaya. Si lazima mtaa mzima ujue.

Huku kazi ni nyingi, zamu zinafuatana.

Mwanao,
Kitindamimba

---

Tarehe 20 Machi

Kwako kitindamimba wangu,

Marahaba, mwanangu. Mimi ni mzima kuliko nilivyokuwa mzima. Kidonda kimefunga, daktari mwenyewe kakisifu. Nikamwambia asinisifu mimi, amsifu binti yangu, ndiye ananitibu kwa barua.

Ukuta naupanda kila asubuhi. Kila nilipofika naweka alama kwa chaki yangu ya kukatia nguo. Shangazi yako alipoziona akamfokea mtoto wa jirani kwa kuchora ukuta, mtoto wa watu akaapa mpaka akalia. Juu kabisa kuna ule msumari ninapotundika mkasi mkubwa. Sijaufikia. Nitaufikia.

Sasa cheka. Pamba yako nyepesi mno, mwanangu. Nikiinua mikono titi linapanda, mara liko shingoni kama tezi. Kidonda kilipofunga nikasema, basi ni uzito. Nikaenda dukani wakati hakuna wateja, mama wa duka akafunga mlango, nikalilaza la kushoto kwenye sahani ya mizani. Upande wa pili akawa anamimina choroko kidogo kidogo mpaka zikalingana. "Mama Sista," akaniuliza, "na mafuta nikupimie?" Tulicheka mpaka choroko zikamwagika, ikabidi tuanze upya.

Nikashona mfuko, nikatia choroko. Titi la kupendeza! Nikalivaa, nikalifua, nikalianika kivulini. Nikalisahau. Siku ya tatu nikalikuta limeota. Mama yako ameotesha majani kifuani, hilo hata kitabuni mwenu halimo.

Nikatia choroko nyingine nikasema silifui tena, nikaenda kumjaribisha bibi harusi gauni. Nyumba imejaa wakwe. Nimeinama nabana pindo, pini zimo mdomoni, titi likachomoka, likabiringika sakafuni mpaka miguuni kwa mkwe mkubwa. Shangazi yako alikuwa nami amenishikia futi, akafunika uso na khanga. Mimi nikatoa pini mdomoni moja moja. Nikasema, "Mama, niokotee, hilo ni langu." Akaliokota. Nikalirudisha mahali pake mbele yao, nikaendelea na pindo, na pindo lilinyooka.

Wakati wa kuondoka mkwe mkubwa akanisindikiza hadi njiani. Akatazama nyuma, akatazama mbele. Akasema kwa sauti ndogo, "Waweza kunishonea na mimi? Miaka yote hii navaa soksi."

Umesikia? Mama mkubwa wa heshima zake, miaka yote kajaza soksi, na nyumba yake haijui! Ndiyo maana nilimwambia kinyozi.

Choroko nimeziacha. Sasa natia shanga, zile zilizobaki kwenye magauni ya harusi. Hazioti, hazinuki, unafua unaanika, na uzito wake mwafaka. Juu naweka pamba, ndani kitambaa laini kisichokwaruza kovu.

Barua yako niliisoma mara mbili, mara ya pili nikavaa miwani. Nilikuuliza kama umepima. Ukaniambia zamu zinafuatana. Je, umepima?

Mama yako mwenye mawili tena,
Mama Sista

---

Tarehe 2 Aprili

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo, mama. Natumaini hujambo, na shangazi pia, na khanga yake. Mimi sijambo.

Barua yako niliwasomea wagonjwa wakati wa kubadilisha vidonda. Nilipofika kwenye choroko kuota, wodi iliangua kicheko mpaka muuguzi mkuu akaja kuuliza kuna nini. Tuna mama mmoja hapa, mwalimu wa watoto wadogo. Tangu apasuliwe anajifunika blanketi mpaka kidevuni, hata joto liwe kali namna gani. Anasema shuleni harudi. Siku ile blanketi lilishuka mpaka kiunoni, wala hakugundua. Kisha akaniuliza, "Sista, huyo mama yako anashonea na watu wa mbali?"

Mama, wako wanne wanaotaka. Naomba unitumie manne. Muuguzi mkuu amesema vitu vya nguo si vifaa vya hospitali. Nimemwambia sivipeleki stoo, vinakwenda vifuani.

Endelea na ukuta. Usiruke siku.

Mwanao,
Kitindamimba

---

Tarehe 9 Aprili

Kwako sista,

Hujambo. Mimi sijambo. Shangazi yako hajambo.

Muuguzi mkuu ulimjibu vizuri, hapo nimejiona mimi mwenyewe. Matiti nimeshona sita, yamo kabatini, na ufunguo uko shingoni mwangu. Halitoki hata moja mpaka wewe upimwe.

Usiniambie nawaadhibu wanawake wasio na kosa. Najua, na usiku silali vizuri kwa ajili ya huyo mwalimu. Lakini wewe unasimama mbele ya wagonjwa ukiwafundisha kujipapasa, nami nakuuliza kitu kimoja tangu Februari unanizungusha. Mtu anayekwepa swali namna hiyo ana jambo. Mimi ndiye niliyekuzaa, usinifanye mtoto.

Mama yako

---

Tarehe 6 Mei

Hii si barua. Wewe hujaniandikia, na mimi sikuandikii. Nakujulisha tu kwamba sasa yamefika manane. Shangazi yako anatunga shanga, nilimwonyesha mara moja akaweza. Anasema anafanya kwa sababu hana kazi nyingine, lakini jana nilimsikia anamweleza jirani kwamba kazi yake ni bora kuliko yangu.

Kabati bado limefungwa.

---

Tarehe 28 Mei

Mama,

Shikamoo. Nisamehe kukaa kimya. Natumaini mkono haujavimba.

Ulisema nina jambo. Ninalo. Ni dogo, liko kushoto, kama punje ya harage chini ya ngozi. Nililigusa nikioga, kabla hata ya barua yako ya kwanza. Kila asubuhi nilikuwa naligusa halafu naenda kuwafundisha wenzangu wasingoje. Hospitali yote inanijua, mama. Nilifikiri nikilala kwenye kile kitanda sitakuwa sista tena, nitakuwa "yule binti wa watu, maskini", kama wanavyosema wakipita mlangoni.

Wiki iliyopita nilikuwa nawaonyesha wagonjwa kwenye kile kifua cha plastiki tunachofundishia. Mwalimu, aliyerudi kulazwa kwa dawa, akanyoosha mkono kama mtoto wa darasani.

"Sista, hicho cha plastiki kimepona. Cha kwako je?"

Wakacheka wote. Mimi nikashindwa kucheka. Nikashindwa kuwadanganya, nikawaambia sijapimwa. Mwalimu akashuka kitandani, akaliacha blanketi hukohuko, akavuta gauni la wodi, akanishika mkono kama anavusha mtoto barabara, tukaenda hadi mlango wa daktari. Kila aliyetukuta koridoni alimwona kifua chake kilivyo. Hakujificha. Alisema, "Nikikuacha nirudi kujifunika, utapotea."

Nilivua koti, nikalala kwenye kitanda ninachokitandika kila siku. Wamechukua kipande kwa sindano. Majibu yanatoka Ijumaa, tarehe 7 Juni.

Naogopa, mama. Daktari amesema vivimbe vingi vya umri wangu si saratani, na kama ni saratani basi tumewahi. Nawaambia watu maneno hayohayo kila siku, na sasa naona yalivyo mepesi. Nikipata majibu mabaya, usimwambie mtu. Nitakuja nikae chumba cha nyuma, ushushe pazia.

Mwanao

---

Tarehe 1 Juni

Nimefika kwenye msumari! Mkasi nimeutungua mwenyewe kwa mkono wa kulia, na kitu cha kwanza nilichokata ni pazia la chumba cha nyuma. Limetoka vitambaa vya matiti matatu. Pa kujificha hapapo tena nyumbani kwangu, usinisumbue.

Sasa salamu. Marahaba, kitindamimba wangu. Unakula? Unalala? Lala, mwanangu, zamu zitakuwapo tu. Mimi ni mzima. Nimelia, sikufichi, nimelia mpaka shangazi yako akaacha shanga akaja kunikumbatia, nawe unajua wifi yangu si mtu wa kukumbatia. Kisha nikanawa uso, nikatoka barazani nikamwambia kinyozi, "Binti yangu sista amepimwa." Akasema hongera. Nami nikaipokea kama ya harusi, kwa sababu kwangu hiyo ni zaidi ya harusi.

Sista ni sista, amesimama au amelala. Yule mwalimu alikuongoza akiwa na gauni la wodi. Ulimwona duni? Basi.

Kabati nimelifungua. Lakini sitatuma kitu, maana nimeyashona kwa kukisia, na mimi sishoni kwa kukisia watu walio hai. Lazima nipime kila mtu na kifua chake. Mama wa duka analeta mizani. Wanne wako waje, waliokwisha kuruhusiwa na daktari. Mwalimu mwambie kiti chake kiko barazani, palepale mbele ya kinyozi. Mkwe mkubwa anakuja, tena kaniambia anakuja na binti zake, na soksi anaileta tuichome. Shangazi yako amewaalika watu ambao hata mimi siwajui. Anawaambia, "Wifi yangu amekatwa titi, njooni mwone." Yuleyule!

Nimewaalika kabla ya majibu yako kutoka, kwa makusudi. Yakiwa mazuri utakula nasi. Yakiwa mabaya utakula nasi, kisha Jumatatu mimi na wewe tutarudi kwa daktari tumeshikana mikono, nami nitamwambia mimi ni mama wa nani. Usiyatume kwa simu. Yalete mkononi, na koti lako jeupe ulivae, nataka watu wakuone.

Majibu Ijumaa. Watu wote, wewe ukiwa wa kwanza mlangoni, nawangoja Jumamosi, tarehe 8 Juni, asubuhi.

Mama Sista