Printa haikuwa mbovu

Makambako, Jumanne

Haikuwa mbovu. Kosa lilikuwa langu, na acha niliandike hivyohivyo.

Tangu asubuhi printa mpya ya risiti ilikataa kuchapa. Taa inawaka, waya wa USB umekaa sawa, kompyuta yetu inayotumia mfumo wa Linux inaiona, lakini karatasi haitoki. Saa nne nikamwambia Mzee Hemedi, mwenye duka, kwamba tumeuziwa kitu kibovu. Akampigia muuzaji kule Njombe, akamwita tapeli mbele ya wateja. Nilikuwa nimesimama palepale.

Mchana ndipo nikagundua kwamba akaunti ninayoingilia kwenye kompyuta haikuwa na ruhusa ya kuitumia printa ile. Nikaipa ruhusa, nikatoka kwenye akaunti, nikaingia upya. Risiti ikatoka, safi kabisa.

Ningeweza kusema imepona yenyewe. Mzee asingejua. Nilikaa na wazo hilo kwa muda, kisha nikamweleza.

Hakugomba. Alinipa simu yake. "Mpigie wewe, mwanangu. Mimi naona aibu."

Sijui kama kesho ataliamini neno langu.

Nikapiga, nikaeleza, nikaomba radhi. 

"Asante, dada," akasema muuzaji. "Tangu ile simu ya asubuhi chakula hakijapita. Ngoja sasa nikatafute chochote."

Nikaitazama saa ya ukutani. Ilikuwa inakaribia saa kumi.