Kilima cha Uji

Dada Tumaini, shikamoo. Huku mafunzoni Sumbawanga baridi ni kali, ramani naisoma nimejifunika blanketi. Tunafundishwa kutambua milima kwa ile mistari ya kahawia inayozunguka: ikibanana, mwinuko ni mkali, ikiachana, ni tambarare. Siku mbili tu nikajiona bingwa.

Jana nikawaongoza wenzangu na mwalimu wetu kule kijijini Mollo, tukakatiza mashamba ya mahindi kutafuta kilima kidogo cha mviringo nilichokiona kwenye ramani. Tulipofika, palikuwa na nyasi na upepo tu. Nikawatangazia, kwa sauti ya mtaalamu kabisa, kwamba huenda kimeliwa na mmomonyoko. Neema, tunayesoma naye, akaninyang'anya ramani, akakikwangua kile kilima kwa ukucha. Kikabanduka! Lilikuwa tone la uji wa ulezi niliokunywa asubuhi.

Mwalimu alicheka mpaka akakaa chini. "Haya, tupeleke na kwenye ziwa la mchuzi," akasema.

Tangu utotoni ulinikanya nisile juu ya kitabu, dada. Nimewakumbuka mno, nisalimie watoto. Na hilo duara la kahawia hapo pembeni mwa barua msihangaike kulipanda, ni chai.

Mdogo wako, Rehema