Maandishi Ndani ya Ubawa wa Kushoto

MAELEZO YA SHAHIDI: MBAWA MBILI ZA NDEGE

Jina: limehifadhiwa, shahidi ni mtoto
Umri: miaka 15
Kazi: mwanafunzi, kidato cha pili
Makazi: nyumba ya fundi seremala, nyuma ya stoo ya mbao
Ameandika kwa mkono wake, mama yake akiwepo.

Mimi ni mtoto wa pekee wa fundi seremala. Kwa miaka sita baba amekuwa akiunda ndege ndogo ya mtu mmoja katika karakana iliyoungana na nyumba yetu. Mwaka jana alipatwa na kiharusi. Upande wa kulia ulilala na sauti ikapotea. Mwili wa ndege ulikuwa tayari, lakini mbawa zilikuwa bado mifupa mitupu ya mbao.

Tangu hapo nilifanya kazi mimi, yeye akitazama kutoka kwenye kiti cha magurudumu. Nilivuta kitambaa juu ya ubawa, nikakibandika kwa gundi, nikapitisha pasi mpaka kikakaza kama ngoma. Kisha nilikishona kwenye kila ubavu wa mbao kwa uzi wenye nta, fundo moja kila baada ya vidole vinne. Baba alishika kijiko kwa mkono wa kushoto. Akigonga kiti mara moja, fundo ni sawa. Akigonga mara mbili, nifumue. Ubawa wa kushoto peke yake ulichukua wiki saba.

Kabla sijaufunika upande wa juu, baba alinionyesha ubavu wa tano kwa kijiko, kisha penseli. Niliandika pale: “Ubawa huu tumeufunika baba na mimi.” Nikaweka tarehe, nikaenda kuleta kitambaa.

Mnamo tarehe 14 mwezi huu, saa tisa na robo alasiri, nilirudi kutoka shule nikakuta lori nje. Mbawa zote mbili zilikuwa juu yake. Baba mdogo wangu, mwenye duka la vipuri vya magari, alikuwa karakanani na wapakizi wawili.

“Shikamoo, baba mdogo,” nilisema, kwa kuwa ndivyo nilivyolelewa.

“Marahaba, rubani! Umewahi kuziaga.”

“Unazipeleka wapi?”

“Dukani, juu ya mlango. Watu wajue hapa pana fundi.”

“Fundi ni baba.”

“Basi na aseme. Kaka, sema ‘acha’ tu, nazishusha sasa hivi.”

Baba alifungua mdomo. Baba mdogo alitega sikio kwa kiganja, akasubiri. Wapakizi walicheka, kisha mmoja akaacha. Yalitoka mate. Baba mdogo aliyafuta kwa kipande cha kitambaa cha mbawa, akaniambia, “Umeona? Hakukataa.” Lori likaondoka.

Mwalimu wetu hutufundisha kuandika tulichoona na kuacha tulichohisi. Kwa hiyo naendelea.

Tarehe 15, saa nne asubuhi, tuliitwa hapa kituo cha polisi, kwa kuwa mama alikuwa ametoa taarifa. Mbawa zilikuwa zimeletwa. Baba mdogo alimwambia afande kwamba ameziunda yeye, na kwamba kaka yake alikuwa akimshikia taa tu. Baba aligonga kiti mara mbili, kwa nguvu.

“Afande, tangu lini kijiko kikatoa ushahidi?” baba mdogo aliuliza, na askari wa mapokezi akacheka.

Nilieleza kwamba kuna maandishi ndani ya ubawa wa kushoto. Baba mdogo akasema, “Ukateni basi. Mkiyakuta, kaka achukue matambara yake akaruke nayo.”

Afande alimwuliza baba kama anakubali. Baba aliutazama ubawa kwa dakika nzima, kwa saa ya ukutani. Aligonga mara moja. Nilingoja pigo la pili. Halikuja.

Niliomba nikate mwenyewe kwa sababu najua mafundo yalipo. Maandishi yalikuwepo. Afande aliyalinganisha na daftari langu la jiografia, akasema ni mwandiko mmoja. Chini yake palikuwa na neno ambalo sikuliandika mimi, kwa herufi kubwa zilizopinda: SAWA. Nadhani baba aliliandika nilipokwenda kuleta kitambaa.

Baba mdogo alipopelekwa ndani alipita karibu yangu. “Hongera, mwanangu,” alisema. “Umejishindia tundu.”

Nyumbani tuna kitambaa mita mbili na gundi nusu kopo. Kiraka ni kazi ya siku moja, na baba yupo wa kugonga. Naomba turudishiwe mbawa leo.

Niliyoandika nimeyaona kwa macho na kuyasikia kwa masikio yangu. Sikuongeza kitu.

Sahihi ya shahidi: (imewekwa)
Sahihi ya mama: (imewekwa)

Maelezo ya afande: Shahidi ameandika mbele yangu bila kulazimishwa. Amefahamishwa kwamba mbawa ni vielelezo. Hazitazibwa, hazitashonwa wala kuondolewa hapa mpaka kesi iishe. Kwa kuwa haziingii katika stoo ya kituo, zimewekwa uani. Shahidi ameuliza kama uani kuna paa. Hakuna.