Sauti ya Pili ya Mama Naomi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuamkia nikiwa nimevaa soksi pea mbili na ile sweta ya kijani uliyonifumia, ambayo wenzangu huku ng'ambo wanaitamani kweli. Mimi ni mzima kabisa. Goti lako linasemaje? Mvua imenyesha Sigino, au mnaitazama tu ikipita kuelekea Nakwa? Na Baba, bado anawagombeza wanakwaya wanaochelewa? Mwambie shikamoo yake ipo, lakini barua hii ni yako. Akitaka kusikia umsomee wewe, na ukifika sehemu inayomhusu usiruke.

Uliniuliza kazi yangu hasa ni nini, maana watu wa mjini wakikuuliza unawajibu kwamba napiga fidla kwa serikali ya huku. Hujakosea sana. Tuko ishirini na wawili katika okestra ndogo ya taifa; ile kubwa ina watu wengi kama mnadani. Yetu ni ya vyombo vya nyuzi tu, kuanzia fidla za kawaida mpaka zile zenye kimo cha mtu. Mimi napiga fidla ya kati, ambayo sauti yake si ya juu wala ya chini.

Mzee Anton, anayepiga fidla kubwa kuliko zote, alinisimulia ilivyoanza. Baada ya vita, walimu kumi na wawili walikuwa wakikutana kwenye ghala la maziwa, kila mmoja na kiti chake, kwa sababu ghala halikuwa na hata benchi. Wakazunguka vijijini kwa lori la maziwa, wakipiga kazi za watunzi waliokufa zamani sana pamoja na ngoma za wakulima wa kwao, mpaka serikali ikaona haya na kuwapa jina la taifa. Siku hizi viti vipo, vizuri tu, lakini kwenye onyesho la kumbukumbu la kila mwaka tunaingia jukwaani tumebeba viti vyetu. Mara ya kwanza nilicheka, nikaona kama tunakwenda kwenye mkutano wa kijiji.

Kuna desturi nyingine, na hiyo ndiyo iliyoninyima raha. Mpigaji mpya huleta wimbo mmoja wa kwao, nao hupigwa siku hiyo ya viti. Watu wakisimama kuushangilia, unaandikwa kwenye daftari kuu na okestra itaendelea kuupiga hata mwenyewe akishakufa. Wasiposimama, anarudishiwa karatasi zake kwenye bahasha. Nafasi ni moja tu.

Mimi sikuhangaika kuchagua. Nilichukua wimbo wa mavuno wa Baba, ule tunaoimba kuku na magunia yakipelekwa madhabahuni. Niliuandika wote kwa kumbukumbu, nikampa kiongozi wetu, Bi. Greta. Akausifu, ila akasema, "Una huzuni kidogo, kwa wimbo wa shibe." Nikajisemea, huyu hajui mavuno yetu.

Zikiwa zimebaki siku tatu, ikafika kaseti ya Daudi. Mdogo wangu alikuwa ameirekodi kwaya nzima kwa redio yake. Nikakaa vizuri nijifurahishe. Mama, nilishtuka! Wimbo niliouandika ulikuwemo, lakini chini, umefunikwa. Juu yake akina Mama Petro wa sauti ya kwanza walikuwa wakiimba kitu kingine kabisa, kinachopanda kwa furaha, na hicho ndicho wimbo wa Baba. Hapo nikaelewa. Utoto wangu wote nilisimama ubavuni kwako kwenye sauti ya pili, nimeshika kitenge chako. Nilidhani unachoimba wewe ndicho wimbo wenyewe.

Mwisho wa kaseti Daudi anasema, "Mambo, dada! Baba ametusimamisha tangu asubuhi kwa ajili yako. Usituangushe!" Nililia na kucheka kwa pamoja.

Kesho yake nikaenda kwa Bi. Greta na kaseti mkononi. Nikamwambia nimeleta nusu ya wimbo, tena nusu ambayo si ya baba yangu, na nitamwaibisha mbele ya watu. Akaisikiliza kaseti mara mbili, kisha akauliza, "Hii ya chini aliitunga nani?"

Nilitaka kusema Baba. Lakini Baba mwenyewe husimulia kwamba aliandika sauti ya kwanza ubaoni, akaahidi kuileta ya pili wiki inayofuata, na hakuileta. Nikakumbuka ukipalilia mahindi, unaimba kipande, unakirudia, unakibadilisha kidogo. Mimi nimekaa kwenye tuta, nikifikiri unafanya mazoezi. Watu walipokusifu ukasema, "Mimi najazia tu."

"Ni mama yangu," nikamjibu.

"Basi tusiiondoe," Bi. Greta akasema. "Ianze yenyewe."

Siku ya viti nilianza peke yangu, Mama. Ubeti mzima ni fidla yangu ya kati na sauti yako. Halafu fidla za kwanza zikaingia juu na wimbo wa Baba, na ile huzuni haikuwa huzuni tena. Kumbe ilikuwa inamsubiri mwenzake. Tulipomaliza sikuthubutu kuwaangalia watu. Nikatazama viatu vyangu, nikiifikiria ile bahasha. Kisha nikasikia viti vikigonga. Walikuwa wanasimama, wote, mpaka wa roshani!

Daftari likaletwa palepale jukwaani. Penye mtunzi nikaandika jina la Baba. Bi. Greta akauliza, "Na mwingine?" Nikaandika Mama Naomi. Akaniuliza kama hilo ndilo jina lako. Nikalikata, nikaandika Rebeka, kwa herufi kubwa.

Nisalimie Daudi, na redio yake ibarikiwe. Msalimie shangazi wa Singe, mzee wa kanisa anayenadi kuku, na Mama Petro wa sauti ya kwanza, asininunie. Baba naye, hapa msomee taratibu. Jumapili ya mavuno awazuie sauti ya kwanza ubeti mmoja tu. Wanyamaze, uimbe wewe, halafu ndipo waingie. Akikataa, mwambie ndivyo ilivyoandikwa kwenye daftari la taifa la watu, na haifutiki.

Ni mimi binti yako, bado nimeshika kitenge chako,

Naomi