Mkono Ndani ya Sweta

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Huku Meru hatujambo, mjomba wako anapalilia migomba.

Unauliza kama ni vibaya kumfokea mwanao akilia. Baba yangu, ambaye tuliishi naye, alitufokea tangu utotoni, nami nikamfokea mama yako. Alipokuwa na miaka minne alianguka shambani, akarudi kimya. Jioni nilipomvua sweta nikakuta mkono umevimba, umevunjika.

"Mbona hukulia?"

"Ungenifokea."

Nikaketi chini nikalia. Akanifuta machozi kwa mkono mzima, akaninong'oneza, "Nyamaza mama, babu atasikia."

Mkono ulipona. Tangu hapo akilia nilimpakata mpaka amalize. Baba alipogomba, nilimwambia, "Mwache alie, baba." Sikuwahi kumjibu kabla ya siku hiyo.

Mbusu mtoto.

Bibi yako