Msuku wa Nyuma ya Jiko Umezaa

Mama Roza,

Ni mimi. Nipo, mzima. Kuandika sijazoea, unajua mwenyewe, shule niliiacha mapema nikashika jembe la watu. Kwa hiyo nasema kama ninavyoongea. Wengine wakisoma, na wasome. Sina cha kuficha.

Msuku wako wa nyuma ya jiko umezaa mwaka huu. Umezaa mpaka matawi yameinama. Walisema ni dume, hautazaa. Walisema na mengine, nitayafikia.

Unakumbuka siku ile tunarudi kutoka kusalimia kwenu Lipingo? Ndoa bado mpya. Tunapanda mlima kwa miguu, mimi na begi, wewe na ndoo ya usipa mkavu, dagaa wa ziwani, aliokupa mama yako. Nikaokota suku bichi njiani, nikang'ata, nikatema.

"Chachu! Hili nalo tunda?"

Ukasimama pale pale. "Funga mdomo, we mwanaume wa mlimani. Tunda la porini halitukanwi. Litatupoteza."

Nikacheka. Hatukufika mbali, njia ikaishia kwenye nyasi. Tukazunguka, tukatokea kwenye jiwe lile lile. Tukazunguka tena, jiwe hilo hapo. Ukaweka ndoo chini.

"Haya. Omba radhi."

"Nimwombe nani?"

"Msuku."

"Mke wangu, mimi ni mtu mzima."

"Basi lala hapa, mtu mzima."

Nikausogelea mti, nikavua kofia. Nikasema, "Shikamoo, msuku. Nisamehe." Ulicheka mpaka ukakaa chini, usipa ukamwagika. Na njia tukaiona. Ilikuwa kushoto tu hapo, imefunikwa na majani. Wewe ukasema ni radhi. Mimi nikasema ni macho. Ule ubishi hatujaumaliza mpaka leo.

Ndivyo ulivyokuwa. Kila mmea kwako una habari yake. Boga changa lisinyooshewe kidole, litaoza. Lionyeshwe kwa ngumi. Mimi nilikuwa nanyoosha kidole makusudi, unipige mkono. Yapo maboga yaliyooza, kweli. Yapo mengi tuliyokula. Wewe ulikuwa unakumbuka yaliyooza tu.

Lakini mwoga hukuwa. Hicho watu hawakukijua. Walidhani anayeshika mambo ya miti anaogopa miti.

Siku ulipoleta mche wa msuku kutoka porini, dada yangu Skola alikuwepo uwanjani. Shimo nilichimba mimi. Nikataka kulijaza kwa udongo wetu huu mweusi, mzuri, unaotoa mahindi. Ukanishika jembe.

"Sio huo. Msuku haushiki bila udongo wa chini ya mama yake."

Ukarudi porini na ndoo kuufuata udongo. Skola akashika kiuno, akakungoja. Ulivyofika tu, akaanza.

"Wifi, msuku anaupanda Mungu, tena porini. Mtu akiupanda nyumbani, siku ukizaa anaondoka."

Wewe unakanyagia udongo tu. "Basi, wifi, nitaondoka nimeshiba."

Uliondoka hujala hata moja. Mti ulikuwa unanifika kiunoni. Kifua ndicho kilichokuchukua. Daktari alisema, na mimi nilikuwa nasikia unavyokohoa, sikuhitaji kuambiwa. Ila msibani watu walikuwa wanaangalia nyuma ya jiko. Niliwaona. Matanga yalipoisha nikachukua jembe, nikaupalilia mchana kweupe, wapite waone.

Tangu hapo nimeishi nao. Asubuhi nakwenda kibarua, kahawa ya mtu au mahindi ya mtu. Jioni narudi, naegemeza jembe kwenye shina. Mti ukapita kichwa changu, ukapita paa la jiko. Maua hakuna. Watu wakatulia. Wakasema dume hilo, halina neno.

Mwaka huu ukazaa. Na mwaka huu huu Roza akawa na mimba.

Roza ameolewa Mkumbi. Mimba ya kwanza, na mtoto wa kwanza sisi tunamzalia kwetu, shangazi mtu ndiye anamshika binti. Mama hayupo, shangazi ndiye mama. Bila Skola mimi ningefanya nini? Mwanaume mmoja, nyumba ya vyumba viwili, na binti anayekaribia kujifungua. Hata kumwosha mtoto sijui.

Roza akafika na beseni lake na kanga zake. Kesho yake natoka kupanda mahindi kwenye ngoro za mtu, yale mashimo ya mteremkoni, mgongo unauma. Namkuta Skola uwanjani na shoka.

"Damiani, mti huu unashuka leo."

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Unashuka leo. Aliyeupanda ulimchukua kabla haujazaa. Sasa umezaa na ndani ya uwanja kuna mimba. Unataka uchukue nani?"

"Hautachukua mtu."

"We nani, mganga?"

"Mimi kibarua."

"Basi chagua, kibarua. Mti au mtoto wako. Mti ukibaki, mimi simo. Utamzalisha mwenyewe."

Roza alikuwa amekaa kwenye mkeka mlangoni mwa jiko. Niliangalia uso wake nijue kama anaogopa. Angeogopa, Mama Roza, ningeukata. Nakwambia ukweli. Nakupenda, lakini ningeukata.

Sikuona woga. Nikamgeukia dada.

"Shimo la msuku huu alichimba nani?"

Alikuwepo, aliona.

"Nilichimba mimi. Yeye alileta mche na udongo tu. Kama mti unataka mtu, mtu ni mimi, na nipo hapa."

Nikainama nikaokota lililoanguka. La kahawia, limeiva sawasawa. Nikalipasua kwa meno nikala mbele yake. Tamu, mke wangu. Tamu kuliko ya porini. Nikatema mbegu, nikaokota la pili.

Skola kashika mdomo kwa mkono mmoja, shoka kwa mwingine.

Halafu nikasikia nyuma yangu, "Baba, niletee na mimi."

"Weee!" Skola akaruka. "Una mimba wewe!"

"Ndiyo maana, shangazi. Toka jana nayanusa hapa, mate yananijaa."

Nikampelekea kofia imejaa. Alikula binti yako! Alikula kama wewe, anafumba jicho moja. Skola anaangalia, anaangalia. Mwisho ikamtoka.

"Basi usimeze mbegu, utafunga choo."

Roza akacheka. Skola hakucheka. Akabeba shoka lake, akasema, "Mimi nimeshasema," akaondoka. Sikumfuata. Niliumia, lakini sikumfuata. Ningemfuata ningerudi naye na shoka.

Zikapita siku, Skola haonekani. Roza ananiuliza kwa macho. Namwambia zahanati ipo, bodaboda ipo, baba yako yupo. Nilikuwa nasema kwa sauti kubwa, nikijisikia mwenyewe.

Uchungu ulimshika asubuhi, mvua inanyesha. Bodaboda ikateleza matope mpaka zahanati, mimi nakimbia nyuma na beseni kichwani. Nafika, namkuta Skola ameshakaa kwenye benchi. Kanga mpya, chupa ya chai, uji kwenye kidumu.

"Nani kakwambia, dada?"

"Mimi shangazi yake. Niambiwe na nani?"

Akaninyang'anya beseni, akaingia. Mimi nikaachwa nje na mvua yangu.

Ni mtoto wa kike. Mzima. Mama yake mzima. Mimi mzima, na nimeyala masuku kuliko wote. Jina bado wanabishana, wa Mkumbi wanataka lao. Huko mimi siingii.

Sasa sikia hili, ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Kitovu cha mtoto kilikauka, kikadondoka. Kwetu kitovu tunakizika kwenye mgomba, unajua, cha Roza tulikizika huko. Skola akakifunga kwenye kitambaa, akachukua jembe langu. Nikajua anakwenda migombani. Akaipita migomba. Akazunguka jiko, akapiga magoti chini ya msuku wako, akaanza kuchimba. Mwanamke mzee, udongo mpaka viwikoni.

Nikamuuliza, "Dada, vipi tena?"

Hakuinua kichwa. "Mti ukiwa wa Mungu tu, unachukua anayeukaribia. Ukipewa mtoto, una mwenyewe. Hauwezi kumla mwenyewe." Akafukia, akakanyagia. "Na wewe usijidanganye umenishinda. Mimi ndiye niliyeufunga."

"Ndiyo, dada."

Sikubishana naye hata kidogo. Mimi naamini kifua, yeye anaamini kitovu. Ila najua kitu kimoja, na kila mtu hapa kijijini Ukata anakijua. Mti wenye kitovu cha mtu haukatwi. Mimi nikifa leo, hakuna wa kuja hapa na shoka. Mjukuu wako bado hajakaza hata shingo, na tayari anaulinda.

Lala, mke wangu. Nyumba ina watu.

Mumeo,
Babu yake huyu mtoto