Jina la Duka la Mama Mkwe

Shoga, usinipigie! Mama mkwe kakaa hapa pembeni yangu.

Nimeuza jina la tovuti yake. NIMELIUZA!

Si unajua yale majina ya tovuti ninayouza mtandaoni? Leo nimeyaweka sokoni, nikabonyeza "chagua yote". Nikasahau la duka lake la mashuka nalo limo kwenye akaunti yangu. Likanyakuliwa papo hapo.

Nimemsihi mnunuzi alirudishe. Kanijibu, "Biashara imekwisha, dada."

Eti imekwisha!

Sasa mama kafungua tovuti yake, kakuta yanauzwa matairi ya huyo mnunuzi. Kanishika mkono, kaniambia: "Mwanangu, wewe ndiye unayeyajua haya mambo. Nitafutie huyo mwizi."

Nikaitikia, "Sawa, mama."

Hapa ninavyokuandikia, anadhani ndiyo namtafuta.